Mafuta ni ya Nchi Nzima. Maji Machafu ni ya Nani?



Nimeombwa niandike kidogo juu ya jambo lililozungumzwa katika darasa la Biblia la vijana, maana saa ilikwisha kabla ya swali kwisha. Kijana mmoja alisikia redioni habari za gesi ya Marekani inayotolewa kwa kupasua mwamba kwa nguvu ya maji, akauliza kama kazi ya namna hiyo inampendeza Mungu. Mwenzake akasema nchi inayopata nishati yake yenyewe haiendi kuomba kwa jirani, basi kosa liko wapi? Wa tatu, ambaye wazazi wake walitoka upande wa Koch, akasema kwao hakuna aliyepasua mwamba, lakini wazazi humwambia kwamba maji ya kisima yaligeuka kuwa machungu hata ng'ombe wakayakataa.

Nikiyaweka pamoja maneno ya hao watatu naona swali moja. Je, ni halali mbele za Mungu watu wengi wapate faida kwa kazi ambayo madhara yake yanawaangukia watu wachache, na hao wachache hawakuulizwa? Wengine watasema hilo ni swali la wahandisi na mawaziri, sisi wa kambini tunatafuta mtama na sabuni. Sikubali. Wengi wanaosoma jarida hili walitoka Unity na Upper Nile, palepale mafuta ya nchi hii yanapotoka. Kama kuna watu wenye haki ya kulijibu swali hili, ni hawa wanaopanga mitungi foleni hapa chini ya Jebel.

Tuanze na hiyo ya Marekani. Akina mama wanaovunja kokoto mlimani wanajua kwamba jiwe halikupi kitu mpaka lipasuke. Gesi ile imefungwa ndani ya mwamba uliotokana na tope lililogandamana zamani sana, mbali chini ya ardhi, wala haitoki kwa kutobolewa tu. Basi wanachimba kisima kwenda chini, wanakigeuza kiende kwa ubavu ndani ya mwamba wenyewe, halafu wanasukuma maji yaliyochanganywa na mchanga na kemikali kwa nguvu kubwa mno hata mwamba unapata nyufa. Mchanga unabaki katika nyufa ili zisifunge, na gesi inapanda. Kisima kimoja huweza kutumia zaidi ya lita 10,000,000 za maji.

Faida yake si hadithi. Nchi iliyokuwa ikijiandaa kununua gesi ng'ambo imekuwa ya kwanza duniani kwa kutoa gesi, na sasa inawauzia wengine. Bei ilishuka. Mitambo mingi ya umeme iliyokuwa ikichoma makaa ya mawe iliacha, na moshi wake ukapungua. Kijana wa pili alisema kweli.

Lakini katika kijiji cha Dimock, jimbo la Pennsylvania, tangu mwaka 2009 watu walilalamika kwamba gesi imeingia katika visima vyao vya maji ya kunywa. Mwaka 2022 ndipo kampuni iliyochimba pale ilikubali mahakamani kulipa zaidi ya dola milioni 16 ili waletewe bomba la maji safi. Mtoto aliyezaliwa mwaka ugomvi ule ulipoanza alikuwa na miaka 13. Na katika jimbo la Oklahoma, mahali ambapo zamani ardhi ilitikisika mara chache tu, matetemeko yaliongezeka, na mwezi Septemba 2016 likaja moja la kipimo cha 5.8. Wataalamu walipochunguza, waliona kwamba sababu kubwa haikuwa kule kupasua mwamba. Ilikuwa maji machafu yanayopanda pamoja na mafuta na gesi, ambayo yalirudishwa chini kwa wingi kupita kiasi. Ufaransa ilipiga marufuku kazi hiyo mwaka 2011. Afrika Kusini iliisimamisha mwaka huo huo, ikaifungulia mlango mwaka 2012, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikazibatilisha kanuni zake baada ya wakulima wa Karoo kwenda kushtaki.

Shikeni hilo neno, maji yanayopanda, kwa sababu hapo ndipo habari ya mbali inapoingia katika nyumba zetu.

Mafuta yetu hayahitaji kupasuliwa mwamba namna hiyo. Kampuni ya Chevron iliyagundua karibu na Bentiu miaka ya 1970, ikaondoka vita vilipoanza, na mwaka 1999 wengine wakafaulu kuyasukuma kwa bomba la kilomita zipatazo 1,600 mpaka Port Sudan. Mwaka huo huo kampuni ya Lundin ya Sweden iligundua mafuta Thar Jath, ukingoni mwa sudi ile kubwa. Paloch ya Upper Nile ilianza kutoa mwaka 2006. Lakini mafuta ghafi hayapandi peke yake. Yanapanda na maji ya chini kabisa, maji ya chumvi yaliyolala pamoja na mafuta na madini tangu zamani ambazo hakuna mtu wa kuzihesabu. Kisima kinapozeeka, maji huwa mengi kuliko mafuta. Kwenye mtambo vitu hivi viwili vinatenganishwa: mafuta yanaingia bombani na kwenda kuuzwa, maji yanabaki.

Yanabaki wapi? Mwenye kufanya kazi vizuri anayarudisha chini kabisa, tabaka lile lile yalikotoka, kwa kisima kilichojengwa kwa uangalifu, na anapima asije akaitikisa ardhi kama Oklahoma. Kazi hiyo ni ghali. Mwenye kutaka rahisi anayamwaga katika bwawa la wazi. Mvua zikija, na mnajua mvua za kwetu zinavyokuja, bwawa linafurika. Kando yake kuna mashimo ya tope la kuchimbia, nalo lina chumvi na kemikali zake. Ng'ombe haelewi ubao wa onyo. Mtoto naye akiona maji yametulia jua kali, anaoga.

Shirika la misaada la Ujerumani liitwalo Hoffnungszeichen, yaani Ishara ya Tumaini, lilianza kupima maji ya sehemu za Thar Jath tangu mwaka 2008. Lilikuta visima vya vijiji vyenye chumvi isiyofaa kunywewa, na metali nzito. Baadaye wataalamu wakapima nywele za wenyeji, maana nywele hutunza habari ya kile mwili ulichokula na kunywa, na mwaka 2017 wakachapisha matokeo: madini ya risasi na bariamu yalikuwa juu sana kwa watu wanaokaa karibu na mitambo. Madini ya risasi yanaharibu ubongo wa mtoto, na ubongo ulioharibika hivyo hautengenezwi na dawa yoyote. Upande wa Paloch, mwaka 2020 shirika la habari la Associated Press lilieleza habari za ripoti zilizokuwa zimefichwa, na za akina mama waliopoteza mimba au kuzaa watoto wenye ulemavu. Mapema mwaka huo huo serikali yenyewe ilitangaza kwamba inatafuta kampuni ya kukagua mazingira ya sehemu za mafuta. Kwa hiyo kijana wa Koch hakuleta uvumi darasani.

Sasa tuwe wa kweli na upande wa pili pia. Nchi hii ilipopata uhuru mwaka 2011, karibu shilingi zote za serikali, yaani asilimia 98, zilitoka kwenye mafuta. Tulikuwa tukitoa mapipa yapatayo 350,000 kwa siku. Januari 2012 serikali ilifunga visima kwa ugomvi na Khartoum juu ya malipo ya bomba, na kwa zaidi ya mwaka mmoja kila mtu aliona maana ya kufunga. Februari 2024 bomba la mafuta ya Upper Nile lilipasuka ndani ya Sudan kwa sababu ya vita vya huko, mafuta yakakwama, na watumishi wa serikali wakakaa miezi mingi bila mshahara. Mwalimu asiyelipwa anaacha darasa akatafute bodaboda ya kuendesha. Muuguzi anafunga zahanati. Anayesema visima vyote vifungwe kesho awaambie kwanza watoto hao watasomeshwa na nani.

Na tusijitoe katika hesabu hii kana kwamba sisi hatumo. Vinanda vya kwaya yetu vinapigwa kwa jenereta. Lori la maji linaenda mtoni kwa dizeli. Unga wa msaada unakuja kwa lori na ndege. Hakuna hata mmoja wetu anayeweza kunawa mikono kama Pilato na kusema hakugusa mafuta.

Basi hoja ya wengi dhidi ya wachache ni nzito, wala siwezi kuitupa kwa maneno ya haraka. Husemwa hivi: nchi ina watu zaidi ya milioni kumi, waishio jirani na visima ni sehemu ndogo. Mafuta yakilisha, yakisomesha, yakijenga barabara, je, si vema wachache wavumilie? Hoja hiyo ina sura ya busara. Lakini Mkristo anapaswa kuitambua, kwa maana ameisoma mahali. Ni hoja ya Kayafa katika Yohana 11, pale barazani alipowaambia wenzake kwamba afadhali afe mtu mmoja kuliko taifa zima kuangamia. Yohana anatueleza kwamba Mungu aliweka ndani ya maneno yale maana ambayo Kayafa hakuijua. Kayafa mwenyewe, alivyokusudia, alikuwa anapiga hesabu, na katika hesabu ile yeye hakuwa yule mmoja. Angalieni tofauti. Bwana Yesu alijitoa. Kayafa alimtoa mwingine. Tendo lilikuwa moja msalabani, lakini mmoja tunamwabudu na mwingine hatumpi mtoto jina lake.

Kwa hiyo swali langu la kwanza juu ya kila mradi, uwe wa gesi ya Marekani au wa mafuta ya Thar Jath, ni kuuliza: anayebeba madhara ndiye aliyekubali? Kule Marekani mara nyingi mwenye shamba anamiliki pia kilicho chini yake. Anakaa na kampuni, anaweka sahihi, analipwa kila mwezi. Walau mtu mmoja aliulizwa. Hata hivyo jirani yake hakuweka sahihi, na maji ya chini hayajui mpaka wa shamba. Kwetu hali ni nyingine. Ardhi ni ya watu, hivyo ndivyo sheria inavyosema, lakini Katiba ya Mpito ya 2011 inasema mafuta na gesi vilivyo chini yake ni mali ya serikali ya taifa. Mzee wa Guit ana haki juu ya majani, na mwingine ana haki juu ya kilicho chini ya majani. Wakati visima vya kwanza vinachimbwa, mzee yule hakuulizwa hata kwa heshima ya kuulizwa. Kulikuwa na vita. Watu walihamishwa kwa moto na kwa ndege. Mwaka 2021 waendesha mashtaka wa Sweden waliwashtaki viongozi wawili wa zamani wa Lundin kwa kusaidia uhalifu wa kivita katika eneo lile kati ya 1999 na 2003, na kesi ikaanza Stockholm mwezi Septemba 2023. Wao wanakana. Hukumu ni ya mahakama, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba watu wa kule walikaa chini ya mti wakakubaliana na kampuni.

Watu hunijibu: lakini sheria imetenga fungu lao. Ni kweli, sheria ya mapato ya mafuta ya mwaka 2013 inasema asilimia 2 iende kwa majimbo yanayotoa mafuta na asilimia 3 kwa jamii za pale. Wale tuliokaa Kakuma tunakumbuka mambo ya majirani zetu Waturkana. Mafuta yaligunduliwa kwao mwaka 2012, na mwaka 2018 walipoona malori yanaanza kuyabeba kwenda Mombasa, walifunga barabara mpaka wakasikilizwa, na sheria ya Kenya ya 2019 ikawapa asilimia 5 kwa jamii na 20 kwa kaunti. Nawapongeza. Ila mniambie, asilimia ngapi inatosha kununua kisima kilichoharibika chini ya ardhi? Fungu la fedha ni sehemu ya faida, na mwenye kupewa anashukuru. Madhara ni daftari lingine. Anayekuchomea nyumba halafu akakuletea sehemu ya mavuno yake bado hajaongea habari ya nyumba.

Neno ambalo limenisumbua zaidi katika jambo hili liko Ezekieli 34. Watu wengi hulisoma kwa ajili ya wachungaji wabaya wa mwanzo wa sura, wakaishia hapo. Endeleeni mpaka mstari wa 18 na wa 19. Hapo Mungu anawageukia kondoo wenyewe, wale walionona. Hawalaumu kwa kula majani mazuri wala kwa kunywa maji maangavu. Anauliza kwa nini, baada ya kushiba, wanayakanyaga majani yaliyobaki, na kwa nini wanayatibua kwa miguu maji ambayo wenzao watakunywa. Mfugaji wa Nuer au Dinka hahitaji mhubiri wa kumfafanulia hapo. Kila mmoja ameona ng'ombe wakubwa wakiingia majini kwanza, na ndama wakabaki kunywa matope. Mungu hamkatazi aliyetangulia kunywa. Anataka kujua amewaachia nini wanaofuata nyuma. Kwa kipimo hicho naweza kumjibu kijana wa kwanza: kutoa gesi au mafuta si dhambi kwa yenyewe, kama vile kunywa si dhambi. Kutibua maji kwa kuwa anayekuja nyuma yako ni dhaifu na hana redio wala wakili, hilo Mungu amelitaja wazi.

Kuna na habari ya Daudi katika 2 Samweli 23, ambayo vijana waliitaja wenyewe. Daudi yuko mafichoni, Wafilisti wameshika Bethlehemu, naye anatamani maji ya kisima cha langoni kwao. Wakimbizi tunaielewa tamaa hiyo kuliko wafafanuzi wa vitabu. Mashujaa watatu wakapenya katikati ya adui wakamletea. Naye hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, akiona kwamba kuyanywa ni kama kunywa damu ya wale waliohatarisha maisha yao. Mmoja wa vijana alitaka kujua kama basi na sisi tumimine dizeli ya jenereta. Hapana, tusimimine, iko haba. Lakini wale watatu walikwenda kwa hiari yao na bado mfalme aliiona damu ndani ya kikombe. Sisi tunaotumia kitu kilichopita juu ya watu ambao hawakujitolea, angalau tuione. Waheshimiwa wanaopanda magari makubwa hapo barabara ya Yei waione zaidi.

Nataka kukaa kidogo kwenye jambo moja ambalo huwa linasemwa kwa sauti ya chini, hasa kati ya akina mama. Mwanamke anapopoteza mimba mara mbili, mara tatu, au akizaa mtoto mwenye kasoro, watu huanza kutafuta kosa lake. Husema amelaaniwa, au ukoo wa mume haukutolewa ng'ombe wote, au kuna kujur. Hata ndani ya kanisa nimesikia mashemasi wakiuliza kama ametubu. Wapendwa, fungueni 2 Wafalme 2, kuanzia mstari wa 19. Watu wa Yeriko walimwendea Elisha wakamwambia mji wao uko mahali pazuri, lakini maji yake ni mabaya na nchi inaharibu mimba. Watu wale walikuwa na akili. Hawakumleta mwanamke yeyote mbele ya nabii aungame. Walileta habari ya maji. Naye Elisha hakuuliza ni nani aliyetenda dhambi. Alitoka akaenda mpaka kwenye chemchemi yenyewe. (Alitia chumvi ndani yake, na hapo mtu wa Thar Jath atatikisa kichwa, maana chumvi ndiyo iliyomwudhi. Basi ilikuwa ni muujiza, si dawa ya kuigwa.)

Daktari hawezi kumwangalia mtoto mmoja na kusema huyu ameharibiwa na kisima fulani. Kunatakiwa vipimo vya maji, vya damu, na hesabu ya watoto wengi kwa miaka. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna mtu yeyote mwenye haki ya kumwangalia mama mmoja na kusema ameharibiwa na dhambi yake. Ikiwa umetoka Melut au Koch na jambo hili limekupata, usikubali mtu akuwekee mzigo ambao Biblia haikuweka juu ya wanawake wa Yeriko. Nenda kliniki, mwambie muuguzi ulikunywa maji ya wapi na kwa miaka mingapi, na umwombe aandike.

Je, mambo haya yanaweza kufanywa vizuri? Yanaweza. Maji hurudishwa chini salama mahali pengi duniani. Mabwawa yanatandikwa chini ili yasivuje. Sheria yetu ya mafuta ya mwaka 2012 imedai uchunguzi wa mazingira kabla ya kazi na urekebishaji baada ya kazi. Kinachokosekana ni mtu wa kuisimamia katika nchi iliyokuwa inapigana, ambapo mkaguzi angefika Thar Jath kwa kujificha. Na kuchelewa kuna bei yake. Huko Ogoni, Nigeria, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema mwaka 2011 kwamba usafishaji wa ardhi na maji ungeweza kuchukua miaka 25 mpaka 30, na katika sehemu moja walikuta watu wakinywa maji ya visima yenye kemikali ya benzini mara zaidi ya 900 ya kiwango kinachokubaliwa. Kwetu mafuriko makubwa yaliyofuatana, hasa tangu 2021, yameongeza tatizo, kwa sababu maji yaliyoizunguka Bentiu na Rubkona yamepita pia juu ya mitambo na mabwawa, na maji yakishachanganyika hakuna wa kuyatenga.

Ninafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ni kazi yetu sisi wa hapa, si ya waziri wala ya kampuni.

Wengi wetu tulikimbilia hapa Desemba 2013. Watoto waliozaliwa chini ya maturubai haya sasa wanabalehe. Kila mara kuna mazungumzo ya kurudi, na siku itakuja ambapo mtu atarudi Koch au Guit na kukuta maji hayanyweki, na atakwenda kudai. Ataulizwa: una ushahidi gani kwamba maji haya yalikuwa mazuri? Labda yalikuwa na chumvi tangu zamani za babu zako? Hilo ni swali la haki, hata kama linaulizwa kwa nia mbaya. Huko Karoo wataalamu walipima maji ya visima vya wakulima mapema, kabla hata ya kisima kimoja cha gesi kuchimbwa, ili baadaye pasiwepo ubishi. Kwetu hakuna aliyepita na chupa za kupimia kijiji kwa kijiji kabla ya 1999. Kipimo cha zamani tulicho nacho kiko katika vichwa vya wazee, na wazee wanazikwa hapa Juba mmoja mmoja.

Katika Mwanzo 26 Isaka alirudi kwenye visima vilivyochimbwa siku za Abrahamu baba yake, ambavyo Wafilisti walikuwa wamevijaza udongo. Akavichimba tena, na akaviita kwa majina yale yale aliyoviita baba yake. Angewezaje kama hakuna mtu aliyemtajia majina? Katika miaka ya ukimwa ule, lazima mtu alikaa na kijana akamwambia kisima kiko wapi na kinaitwaje.

Kwa hiyo tumekubaliana na viongozi wa vijana kwamba Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya, wachukue madaftari waende kwa wazee wakiwa wawili wawili. Waulize kila mzee na kila mama mzee jina la kisima au mto alikokunywa, nani alikichimba, kilikuwa umbali gani na kijiji, ladha yake ilikuwaje, ng'ombe wa nani walinyweshwa hapo, mwezi gani kilipungua, na mwaka gani maji yalianza kubadilika. Waandike kwa Kinuer au Kidinka kama mzee alivyosema, kisha kwa Kiingereza, na tarehe, na alama ya kidole ya mzee. Anayejua kuchora achore njia. Wazee wa Koch na Guit waanze, kwa kuwa ndio waliobaki wachache. Wa Melut na Maban watafuata wiki ya pili.